Tenshena Yenye Rangi ya Kucha

Gari la Suka lilipoanza kulia, mtaa mzima ulilisikia kabla yake mwenyewe. Kila asubuhi alipoliwasha aende kuchukua watoto wa shule, lilitoa mlio mwembamba wa kukera, wii-wii-wii, kama kifaranga aliyekanyagwa, na mlio ule ukamsindikiza mpaka anakata kona. Jirani wa mlango wa pili, ambaye hakuwa na gari wala dalili ya kulipata, ndiye aliyekuwa na maoni mengi zaidi.

"Suka, siku hizi mnafuga kuku ndani ya boneti?"

"Ni baridi tu hiyo, jirani. Likipata moto linanyamaza."

Kweli mwanzoni lilikuwa linanyamaza. Baadaye likawa linalia mpaka getini kwa shule, na watoto wa kiti cha nyuma wakaanza kuliigiza kwa pamoja kama kwaya. Suka alikuwa akicheka nao, lakini jasho likimtoka, maana wapo wazazi waliosimama pale getini wakiangalia, na mzazi akishaanza kuliangalia gari kwa jicho lile, ujue kesho mtoto wake anapanda gari la mwingine.

Aliyelala na hofu hiyo kuliko Suka alikuwa mkewe. Alikuwa msusi. Chumba cha mbele cha nyumba yao alikigeuza saluni: viti viwili, kioo kikubwa chenye ufa pembeni, rafu ya mafuta na rangi za kucha. Saluni ilinunua chumvi na sabuni, lakini unga, kodi na ada za watoto wao wawili vilitoka kwenye lile gari. Likisimama, nyumba nzima imesimama. Hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Jioni moja Dogo akaja kula. Dogo alikuwa mdogo wake Suka, tumbo moja, fundi katika gereji ya mzee waliyemwita Babu Nati. Alikula kwao kila jioni, na kila jioni alipiga hodi na uongo uleule.

"Shemeji, mimi nimeshiba. Nimepita tu kuangalia kama chakula kimeiva."

"Kimeiva, ila cha wenye njaa," msusi akamjibu, huku tayari anamsogezea sahani yake. Sahani ile ilikuwa ya bati, yenye ua jekundu katikati, na watoto walijua ni ya baba mdogo, hawaigusi.

Baada ya kula, Dogo akafungua boneti, akamwambia kaka yake awashe. Msusi akasogea naye aone. Dogo akamwonyesha mkanda mrefu mweusi uliokuwa unapita huku na huku mbele ya injini.

"Huu mkanda ndio unazungusha kila kitu, shemeji. Jenereta ya umeme, pampu ya maji, usukani. Sasa ona hiki kimkono chenye puli. Hii ndiyo tenshena. Kazi yake ni kuukaza mkanda, ina springi ndani. Unaona inavyotetemeka? Imechoka. Ikifa, mkanda unachomoka, na mkanda ukichomoka usukani unakuwa mzito kama unasukuma ukuta."

"Na watoto wamo ndani," akasema msusi.

"Ndiyo maana nakwambia. Tena nunueni orijino. Feki inakaa siku mbili tatu inaanza kulia. Ya mtumba ndiyo kabisa, hujui imetembea wapi."

"Nitakwenda kununua mimi," msusi akasema, na Suka hakubisha. Suka alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: haya. Muuzaji akimwita bosi mara mbili, anatoa hela yote mfukoni na kushukuru juu yake.

*

Muuza spea alimpangia tenshena tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya mtumba, imepakwa rangi ya fedha ikang'aa. Ya pili mpya ya rahisi, na ya tatu orijino ndani ya boksi lake, bei ya kukuna kichwa.

Msusi hakuanza na bei. Aliinua ya mtumba akaizungusha puli kwa kidole karibu na sikio. Ndani yake kulikuwa na mkwaruzo, kama mchanga kwenye meno. Sikio lake lilikuwa limezoea mashine ya kunyolea, alijua beringi inayokaribia kufa inasemaje. Akaiweka chini. Ile ya rahisi ilizunguka kimya, lakini alipousukuma mkono wake kwa kiganja, springi ilikubali upesi mno, haikuwa na ubishi. Orijino ilizunguka kwa uzito, ikasimama taratibu, na mkono wake alipousukuma ulimsukuma na yeye.

"Mama," akacheka muuza spea, "unanunua tenshena au unachagua mchumba?"

"Mchumba nilichagua haraka. Hii nitachagua polepole."

Wakacheka wote wawili. Akahakikisha namba ya kwenye boksi inafanana na ile aliyoandikiwa na Dogo kiganjani kwa kalamu, akabishana bei mpaka muuza spea akaanza kuapa, kisha akafungua khanga kiunoni akatoa zile hela. Zilikuwa za nywele za watu, siku nyingi za kusimama mpaka miguu ikafura. Alipokuwa anazitoa moyo ulimuuma, lakini aliporudi njiani na boksi kwapani alikuwa anatembea kama mtu aliyenunua kiwanja.

Nyumbani hakukuwa na mtu. Akafunga mlango wa saluni. Katika mji ule mafundi walikuwa na sifa yao: unapeleka kifaa kipya, unafungiwa cha zamani kilichosafishwa kwa petroli, na kipya chako kinakwenda kuishi kwenye gari la mtu mwingine. Kwa hiyo wenye magari walikuwa wanaweka alama, huyu anakwaruza msumari, yule anafunga uzi. Msusi alichukua kichupa cha rangi ya kucha, kijani kikali ambacho tangu akinunue hakuna mteja aliyewahi kukitaka, akapaka doa moja chini ya ule mkono wa tenshena, mahali pasipoonekana mpaka uinamie. Akapuliza ikakauka, akairudisha ndani ya boksi.

Hakumwambia mumewe. Angesema nini? Kwamba anaweka alama kifaa kinachokwenda kufungwa na mdogo wake wa damu? Alijiambia kwamba pale gerejini kuna mikono mingi, si ya Dogo peke yake. Jibu hilo lilimtosha kwa siku ile.

"Nenda nayo kesho ukishashusha watoto," akamwambia Suka usiku. "Ningekwenda mwenyewe, lakini nina bibi harusi wa kusuka kuanzia asubuhi. Na usiondoke pale mpaka ifungwe."

"Sasa mke wangu, si kwa Dogo huko? Una wasiwasi gani?"

*

Kesho yake jioni gari liliingia uani kimya kabisa. Jirani alitoka nje kuangalia kama ni lenyewe. Watoto walimkimbilia baba yao, na Suka akashuka na kifurushi cha gazeti, akamkabidhi mkewe.

Hiyo ilikuwa desturi ya gereji ya Babu Nati, na ndiyo iliyompatia jina zuri: kifaa kibovu kilichotolewa lazima kirudi kwa mwenyewe, ndani ya boksi la kile kipya, ili mwenye mali ajue cha zamani kimetoka na kipya kimeingia. Msusi akafungua gazeti akaiona tenshena yao ya zamani, nyeusi kwa mafuta.

"Boksi liko wapi?"

"Lililowa oili, tukalitupa. Kwani ulitaka boksi au ulitaka gari linyamaze?"

Akacheka, na mkewe akacheka. Tenshena ile ya zamani akaifanya kizuizi cha mlango wa saluni, kwa kuwa ilikuwa nzito na mlango wake ulikuwa unajifunga wenyewe kila upepo ukivuma.

Jumamosi wakaenda kwenye hafla. Mwenyekiti wa wazazi wa ile shule, mtu mwenye kampuni na watoto watatu ndani ya gari la Suka, alikuwa anamwozesha binti yake, na waliochangia waliitwa mmoja mmoja mbele ya ukumbi kukabidhi bahasha. Msusi alijua mumewe ataitwa na alikuwa na wasiwasi, maana waliotangulia walikuwa wahasibu na wenye maduka. Kisha MC, msema chochote wa hafla, akapaza sauti: "Na sasa, dereva wetu mpendwa!" Suka akapita katikati ya meza na suti yake ya siku zote, akatoa bahasha, na kiasi kikasomwa kwa sauti. Ukumbi mzima ukasema "Eee!" Mwenyekiti mwenyewe akanyanyuka kitini kumpa mkono.

Msusi alipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Alipiga kigelegele ambacho hata yeye hakujua kimetoka wapi. Walipokuwa wanarudi nyumbani akamuuliza, kwa furaha tu, hela ile aliitoa wapi.

"Nilikuwa naweka kidogo kidogo," akasema Suka, akamshika mkono.

*

Haukupita mwezi, mkanda ukachomoka. Ulichomoka asubuhi, penye kona ya kushuka, watoto wamejaa. Suka alisema baadaye kwamba alisikia kishindo, taa ya betri ikawaka, na usukani ukagoma mikononi mwake. Gari likaacha lami, likasugua ukingo wa mtaro, likasimama limeinama. Hakuna aliyekufa. Mtoto mmoja alipasuka mdomo, na wengine walilia tu kwa hofu. Lakini mtoto mwenye mdomo uliopasuka alikuwa wa mwenyekiti.

Kufikia saa nne wazazi walikuwa wamesimama pale mtaroni na simu zao. Mwenyekiti hakugomba. Alimfuta mwanawe damu, akamwangalia Suka kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema: "Wewe unabeba watoto wa watu na kitu kama hiki?" Akawapakia watoto wake watatu kwenye gari lake akaondoka. Ile bahasha hakuikumbuka.

Gari likavutwa kwa kamba mpaka kwa Babu Nati. Msusi alifika akiwa na aproni ya saluni, nusu ya kichwa cha mteja kaiacha nyumbani. Dogo alikuwa ameshainama kwenye boneti.

"Usiguse!" akapiga kelele. "Asiguse mtu yeyote!"

Mafundi wakageuka. Alitoa mfukoni kioo kidogo cha mkononi, kile anachowaonyeshea wateja kisogo, akapiga goti kwenye oili, akakipenyeza chini ya injini. Tenshena ilikuwa imekatika, mkono wake unaning'inia. Akaupindua upande wa chini, akaangalia kwenye kioo. Palikuwa na rangi ya fedha imeanza kubanduka, na chini yake kutu. Kijani hakikuwepo.

Akanyanyuka taratibu.

"Yangu iko wapi?"

"Shemeji..." Dogo akaanza.

"Usiniite shemeji! Mimi nilinunua orijino, kwa hela ya mikono yangu, nikaiweka alama. Hii siyo yangu. Umeniuzia tenshena yangu, Dogo? Unakula kwangu kila siku, unanitupia watoto wa watu mtaroni? Mwizi wewe! Mwizi!"

Hata aliyekuwa anagonga bati aliacha. Dogo alimgeukia kaka yake, akamwangalia, akasubiri. Suka alikuwa amesimama karibu na mlango wa gari, ameshika funguo.

"Dogo," akasema Suka, "umenitia aibu."

Babu Nati alikuwa mzee wa maneno machache. Alijifuta mikono na kitambaa, akasema kwamba kwake haikai mikono mirefu. Dogo akavua ovaroli palepale, akaikunja vizuri kama nguo ya msibani, akaiweka juu ya pipa, akatoka na fulana yake iliyotoboka begani. Msusi alimtazama akienda na hakumwonea huruma hata kidogo. Jioni ile aliitoa sahani ya bati yenye ua jekundu mezani, akaitupa kabatini chini kabisa.

*

Siku zilizofuata zilikuwa za kumeza mate machungu. Waliobaki na imani na Suka walihesabika. Msusi alisuka mchana na jioni, akasuka kwa bei ya kuomba, akapunguza nyama, kisha akapunguza mafuta. Jirani akamuuliza kama kuku wamehama. Zilipotimia hela, alikwenda tena kwa muuza spea.

"Nipe ileile orijino," akasema. "Ile uliyoniuzia iliibiwa gerejini."

Muuza spea akamtazama kama hajasikia vizuri.

"Iliibiwaje, mama? Ile si mliirudisha?"

"Tuliirudisha nani?"

"Baba alikuja nayo asubuhi, kesho yake tu baada ya wewe kuichukua. Akasema haikuingia kwenye gari. Nikamrudishia hela, nikakata kidogo ya usumbufu. Akachukua na ile ya mtumba." Akageuka kwenye rafu, akapapasa. "Sijaiuza mpaka leo. Bei yake watu wanaikimbia. Hii hapa."

Akaliweka boksi juu ya kaunta. Halikuwa limelowa oili wala halikuwa na hata tone. Msusi akalifungua, akaipindua tenshena. Doa la kijani lilikuwa palepale alipoliacha, linang'aa.

Alishika kaunta. Kwa muda hakuona kitu ila ule ukumbi, bahasha ikipita katikati ya meza, na yeye akipiga kigelegele. Alikuwa amezishangilia hela zake mwenyewe.

"Mama, vipi? Nikupe maji?"

"Nifungie," akasema. "Naichukua."

Akalipa mara ya pili kifaa chake mwenyewe. Safari hii hakubishana bei.

*

Suka alimkuta ameketi saluni, mlango umefungwa, boksi liko juu ya kiti cha wateja. Aliliona tangu mlangoni. Mtu mwenye haya uso wake hausemi uongo hata mdomo ukitaka.

"Haikuingia," akasema.

"Haikuingia wapi? Ilifika wapi hata ikakataa kuingia?"

Suka akaketi kwenye benchi, akainamisha kichwa. Kisha akaanza kumwaga yote. Kwamba kulikuwa na kikao cha mchango, wazazi wote wakaulizwa nani anatoa nini, na ilipofika zamu yake mtu mmoja akasema, "Huyu dereva mrukeni, atatuchangia petroli," watu wakacheka. Yeye akanyoosha mkono, akataja kiasi. Hakujua kilitoka wapi mdomoni.

"Ningefanyaje, mke wangu? Nilishanyoosha mkono mbele za watu. Nilijua mwisho wa mwezi nanunua nyingine, naibadilisha, wewe hujui lolote."

"Na Dogo alijua?"

"Aliiona alipoipokea. Akaniambia, kaka, hii ni ya mtumba, imepakwa rangi. Nikamwambia funga tu, usimwambie shemeji yako."

"Kwa hiyo siku ile," msusi akasema, "mimi nampigia kelele mtoto wa watu, yeye anakuangalia wewe uongee. Na wewe ukamwambia amekutia aibu."

"Mimi sikusema ameiba," akasema Suka. "Uliyemwita mwizi ni wewe."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomchoma kuliko uongo wake wote. Msusi alimtazama mwanamume huyu aliyezaa naye watoto wawili, mpole, asiyewahi kumnyanyulia mkono, ambaye ulevi hakuujua wala nyumba ndogo hakuwa nayo. Siku zote alikuwa anaogopa mikono ya gerejini. Ile njia fupi kutoka mlangoni kwake mpaka gerejini hakuwahi kuiwekea alama.

"Yule ni mdogo wangu, anaelewa," Suka akaendelea. "Tutamaliza kifamilia. Mambo haya ya ndani, mama. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama."

"Mimi niliumwaga siku ile mbele ya kuku wote," akasema msusi. "Kesho unakwenda na mimi tukauokote."

*

Dogo alikuwa anaziba pancha kando ya barabara, mtaa wa tatu kutoka gerejini. Babu Nati mwenyewe ndiye aliyemtuma fundi mmoja amwite, baada ya msusi kumnong'oneza maneno mawili. Alikuja gerejini na chuma cha kubandulia tairi mkononi, fulana ileile. Amekonda. Akamsalimia Babu Nati, akamsalimia kaka yake, kisha akamwambia msusi, "Shikamoo, shemeji," kama anavyosalimiwa mgeni.

Mafundi wote walikuwepo, wale wale. Msusi alikuwa amejipanga njia nzima.

"Siku ile nilisema hapa hapa kwamba huyu ni mwizi," akasema. "Mlinisikia wote. Leo nisikieni tena. Hakuiba kitu. Tenshena iliyo ndani ya boksi hili haikufika katika gereji hii. Ilirudishwa dukani, na aliyeirudisha nilimkabidhi mimi, kwa mikono yangu. Ninalala naye kitanda kimoja."

Suka aliangalia viatu vyake. Mtu mmoja nyuma akataka kucheka, akajikohoza.

"Kikulacho..." akasema Babu Nati, akaishia hapo, maana kila mtu aliujua mwisho wake. Akachukua ovaroli iliyokuwa bado imekunjwa juu ya pipa, akamnyooshea Dogo.

Dogo hakuichukua kwanza.

"Shemeji, umemvua kaka yangu nguo mbele za watu."

"Nimekuja kukuomba radhi, Dogo."

"Kaka aliniomba ninyamaze, nikanyamaza. Hilo ni langu na lake, tutajuana. Lakini wewe... Nimekula kwako tangu hujapata mtoto wa pili. Hukuniuliza."

"Ungenijibu?"

Dogo akafikiri. Alikuwa mtu wa kweli hata pale uongo ungemfaa.

"Nisingekujibu," akasema. "Lakini ungeniuliza."

Msusi akalifungua boksi, akamkabidhi tenshena. Dogo akaizungusha puli karibu na sikio, akausukuma mkono kwa kiganja, akaridhika. Kisha akaipindua. Akaliona lile doa la kijani, akaliangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hii uliipaka lini?"

"Siku niliyoinunua. Nyumbani."

"Kabla sijaigusa."

"Ndiyo."

"Kwa ajili yangu?"

Jibu lile la mikono mingi ya gerejini lilikuwepo, limekaa tayari kwenye ulimi. Msusi alilimeza.

"Ndiyo," akasema.

Dogo akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa mahali panapovuja baada ya kutafuta sana. Akavaa ovaroli, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Rangi yako unayo hapo?"

Msusi akapapasa mfuko wa aproni. Kichupa kilikuwemo.

"Paka tena."

"Lakini alama ipo, Dogo. Si unaiona?"

"Ile ulipaka kwa siri. Hii paka mbele ya watu, ili kesho usiseme nimebadilisha."

"Dogo, nakuomba..."

"Paka, shemeji. Watoto wa watu wanasubiri gari."

Alimshikia tenshena kwa mikono miwili, ameinyoosha mbele. Msusi akafungua kichupa. Mkono uliosuka mabibi harusi bila kukosea mstari ukakosea, tone la kwanza likaanguka kwenye kidole gumba cha Dogo, na Dogo hakulifuta. Tone la pili likaingia mahali pake.

"Umeona vizuri?"

"Nimeona."

"Kamwonyeshe na Babu Nati. Na hao wengine."

Msusi akaipokea, akaibeba kwa viganja viwili, akampitishia Babu Nati, kisha fundi mmoja mmoja, na kila mmoja akainama kidogo, akaangalia, akaitikia kwa kichwa. Wa mwisho katika mstari ule alikuwa mumewe. Akasimama mbele yake. Suka akanyoosha mkono aipokee amsaidie kuipeleka, hatua chache tu mpaka kwenye boneti.

Hakumpa. Alimzunguka, akaipeleka mwenyewe.